Bwawa dogo la faibaglasi nyuma ya nyumba, Bamburi: kazi ya kutoka kaskazi mpaka masika

Januari, mwishoni

Bas, bwawa lenyewe lishafika, liko barazani limefunikwa turubai. Ni la faibaglasi, la kuundwa tayari, jeusi ndani, lina umbo la korosho, urefu kama mita moja na nusu na upana kama mita moja pale penye tumbo, kina sentimita 55 upande mmoja halafu upande wa pili lapanda kwa ngazi mbili, ya chini ya kukalishia vyungu na ya juu ya mimea ya ukingoni. Maji laingia lita 400, yaani mitungi 20. Ami yangu, ambaye maisha yake yote ni kazi ya maboti ya faibaglasi, ndiye aliyenitafutia, akaligonga gonga kwa kidole kila mahali huku ametega sikio, akapitisha kiganja kwenye kona zote za ndani, kisha akaniambia, "Hili zima, mwanangu. Ukilikalisha sawa litakaa kuliko mimi na wewe." Kukalisha sawa, hapo ndo kazi yote ilipo, na ndo maana naandika, manake nimetafuta maelezo ya mtu wa pwani mwenye ardhi ya matumbawe na maji ya chumvi chumvi kama yetu sijapata, mengi ni ya watu wa nchi za baridi ambao hofu yao kubwa ni barafu kupasua bwawa.

Kuna walioniuliza mbona usitandike nailoni tu, shimo likachimbwa vyovyote ukamaliza. Kwa udongo mzuri wa kina nailoni yafaa sana na bei yake ni nafuu. Lakini huku Bamburi ukishapita udongo wa juu wakutana na mwamba wa matumbawe, na ule mwamba una meno, maji yakishajaa yaisukuma nailoni kwenye yale meno na tundu moja dogo latosha. Faibaglasi haitoboki hivyo. Shida yake ni nyengine, yataka kushikiliwa kila upande, chini na ubavuni, kwa sababu lita 400 ni kilo 400, na ukiacha hata sehemu moja yaning'inia bila kitu chini basi siku moja itapasuka hapo hapo.

Sasa Mamangu. Alilitazama lile beseni akasema wazi kabisa, maji yaliyosimama ni mbu, na mbu ni dengue. Ana haki ya kusema, mtu aliyeishi Mombasa 2013 aijua dengue, na mwisho wa 2017 kuingia 2018 chikungunya ilipita mitaani watu wakawa hawawezi hata kufunga vifungo vya shati kwa maumivu ya viungo. Huyu mbu anayeleta hizi homa yuwauma mchana na hapendi bwawa kubwa la porini, yuwapenda vyombo vya nyumbani, ndoo, tairi, pipa lisilofunikwa, sahani ya chini ya chungu cha maua. Kwa hiyo sikubishana na Mama, nilimuuliza tu, kule Lamu kwenye nyumba ya bibi, ndani ya birika, lile tangi la maji la kujengwa mle nyumbani, mlikuwa mkiweka nini? Akasema, samaki. Wale samaki wadogo wa birikani walikuwa wakila viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wazee walikuwa wakijengea bakuli la kaure ili maji yakipungua au birika likisafishwa samaki wabaki na pa kukaa. Nikamwambia, Mama, mimi nataka birika, ila liwe nje na lina maua. Akanyamaza, halafu akaweka sharti lake: kabla samaki hawajaingia, maji yasikae wazi hata usiku mmoja. Sharti zuri na nimelikubali, na mtu yeyote anayepanga kuweka bwawa Mombasa alichukue hivyo hivyo kama lilivyo.

Februari, kutafuta mahali

Sijagusa jembe bado. Natembea nyuma ya nyumba asubuhi, adhuhuri na alasiri natazama kivuli. Yungiyungi lataka jua la kutosha, saa tano sita kwa siku ndo litoe maua, lakini beseni dogo jeusi likipigwa na jua la kaskazi mchana kutwa maji yatachemka, na maji ya moto hayashiki hewa, samaki watakosa pumzi. Kwa hivyo nataka jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane. Halafu kuna jambo watu hawalifikirii, sisi hapa tuko karibu sana na ikweta na jua lahama, miezi hii ya Desemba na Januari liko upande wa kusini na ikifika Juni liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha ukuta ukionacho leo sicho utakachokiona wakati wa kusi. Mimi nimechagua upande wa mashariki wa nyumba, hapo ukuta wenyewe ndo utatoa kivuli cha alasiri mwaka mzima.

Chini ya mwembe sitaki, hata kama Mama anapapenda, majani na maembe yaliyooza yakiingia ndani yanageuka tope na harufu. Mwarobaini pia mbali. Mbali na septiki. Na pasiwe bondeni, manake masika maji ya uwanja mzima yataingia bwawani na kila uchafu wake.

Na tena pawe paonekana kutoka jikoni. Hapa nyumbani kuna mtoto wa dada yangu ambaye ndo kwanza anatembea, na mtoto mdogo huzama kwa maji ya kina cha kiganja tu, wala hapigi kelele. Nimeshaagiza wayameshi kwa fundi wa vyuma, fremu nzima ya kufunika bwawa juu yenye bawaba na komeo, na kazi ya kujaza maji haitaanza kabla fremu haijafika.

Jumamosi ya kuchimba

Tumeligeuza beseni mdomo chini? Hapana, lina pande ambazo hazilingani, ukiligeuza umbo lageuka nalo. Tumelisimamisha wima vile litakavyokaa, tukaliwekea matofali chini lisiyumbe, kisha ami akaning'iniza timazi kutoka kwenye mdomo mpaka ardhini, kila pale inapogusa twapigilia kijiti, tukazungusha vijiti vyote tukafunga uzi. Hapo ndo wapata umbo sahihi chini. Halafu tukaongeza kiganja kizima nje ya uzi pande zote, hiyo ni nafasi ya kushindilia mchanga.

Udongo mwekundu wa juu ulitoka kwa jembe bila shida. Tulivyofika kama futi moja, jembe likalia. Mwamba. Kuanzia hapo ni sururu na mtaimbo, kipande kwa kipande, na kijana aliyekuja kutusaidia anaijua kazi, hapigi ovyo, yuwatafuta ufa wa jiwe kwanza, anachomeka mtaimbo, anaegemea, na jiwe linatoka zima. Ndani ya yale mawe ukitazama karibu waona maua ya matumbawe yenyewe, yale mashimo mashimo yaliyopangika kama sega la asali, na vipande vya kome, hapa tunapoishi palikuwa chini ya bahari na leo twachimba bwawa juu yake. Nimeyaweka kando yale mazuri, ila sitayatia majini, ntaeleza mbele kwa nini.

Ukikaa Bamburi huwezi kuchimba matumbawe bila kukumbuka yale machimbo ya simiti hapa jirani, yaliyobaki jangwa jeupe mpaka René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kile kiwanda, alipoanza kupanda miti 1971. Alianza na mivinje kwa sababu ndiyo iliyovumilia ile chumvi na ule ukame, kisha akaleta jongoo wakaitafuna ile miiba ya mivinje iliyodondoka wakaigeuza udongo, na kwenye yale mashimo yaliyofika kwenye maji wakafuga tilapia. Leo ni msitu na watoto wa shule wanapelekwa kutazama viboko. Nikiambiwa kwamba kwenye mwamba hakuoti kitu, mimi nawaambia waende Haller Park, ni safari ya matatu moja.

Shimo letu tumelichimba kwa ngazi vile vile lilivyo beseni, kina sentimita 10 zaidi ya beseni kila ngazi. Watu wa udongo laini huambiwa 5 zatosha. Kwa mwamba wenye meno mimi nasema 10, na kabla ya mchanga tumepitisha nyundo kuvunja kila ncha iliyobaki, nikashuka mwenyewe nikapapasa shimo zima kwa mkono.

Faida moja ya matumbawe ni kwamba yanakunywa maji. Tulimwaga ndoo ndani ya shimo na haikuchukua muda ikapotea. Ndugu zetu wa Changamwe, Mikindani na Jomvu wana udongo wa mfinyanzi, kwao masika maji hujaa kwenye shimo nje ya beseni, na beseni likiwa tupu au nusu litaelea linyanyuke litoke ardhini hata kama lilishazikwa. Wa huko msiache bwawa tupu wakati wa mvua, na mkichimba wekeni kokoto chini na mfereji wa kutolea maji.

Mchanga na pimamaji

Hii ndo siku niliyokuwa nikiiwaza. Mchanga tumetumia wa mto, umechekechwa, hauna kijiwe. Wa ufuoni sikutaka, kwanza kuchota mchanga wa fuo ni kuziharibu fuo zetu ambazo zishaliwa na bahari, pili una chumvi na hiyo chumvi itapanda kwenye mizizi ya maua nitakayopanda ukingoni. Tumetandaza sentimita 10, tukanyunyizia maji, tukashindilia kwa kipande cha mti, tukasawazisha kwa ubao.

Tukalishusha beseni, watu wanne, polepole. Juu ya mdomo tukalaza mbao ndefu iliyonyooka na juu ya mbao pimamaji. Kwa urefu, kwa upana, halafu kwa pembe zote mbili. Upande wa ngazi ulikuwa chini kidogo. Tukalitoa, tukaongeza mchanga, tukashindilia, tukalirudisha. Tena upande wa tumbo. Tukalitoa tena. Ami hakubali "karibu sawa". Alileta na ule mpira mwembamba mweupe wa mafundi unaojazwa maji, akashika ncha moja huku mimi nashika ya pili, kwa sababu maji ndani ya mpira hayadanganyi na pimamaji ya zamani huenda imepinda. Yuwasema kwenye boti kosa la kidole waweza kulirekebisha kwa kuhamisha mzigo, lakini bwawa likishajaa lina kilo 400 na hakuna mtu atakayelinyanyua, na jicho laona mara moja, upande mmoja ukuta mweusi wa faibaglasi uko wazi na upande wa pili maji yakaribia kumwagika. Na yeyote atakayekuja atakaa atazame ule mstari wa maji na ataona.

Mdomo wa beseni tumeuacha juu ya ardhi kama vidole vitatu. Usiuzamishe ukawa sawa na uwanja, mvua ikinyesha kila kitu kitaingia ndani, samadi ya kuku, mafuta, vumbi.

Nikaingia ndani nikasimama bila viatu, nikahamisha uzito huku na huku kila pembe. Hakuna mahali palipolia wala kubonyea. Hapo ami akatabasamu.

Kujaza

Fremu ya wayameshi imefika kwa hivyo twajaza. Hapa kuna siri ya mabwawa haya ya tayari, usijaze maji peke yake na usishindilie mchanga peke yake. Ukijaza maji kwanza, ubavu watanuka nje. Ukishindilia mchanga kwanza, ubavu wasukumwa ndani na beseni lanyanyuka. Vitu viwili vyaenda pamoja, maji kiganja kimoja ndani, mchanga kiganja kimoja nje, washindilia kwa kijiti na kuumwagia maji kidogo ujipenyeze chini ya ngazi, kisha waweka mbao na pimamaji tena, kisha wapanda kiganja kingine. Pale chini ya ngazi ndo penye kutaka mkono, mimi nimelala kifudifudi nikiingiza mchanga kwa vidole mpaka nikahakikisha hakuna uwazi. Kazi ya mpaka Magharibi, lakini nilipoona pimamaji imebaki katikati kuanzia chini mpaka juu nilifurahi furaha ambayo ni tabu kuieleza.

Maji yenyewe sasa. Kisima chetu kina chumvi, kama visima vingi vya huku karibu na bahari. Mfereji, yaani bomba, ukitoa, yale ni maji ya mbali, ya Mzima kule Tsavo na ya Baricho kwenye Sabaki, hayana chumvi ila yana klorini. Nina kimita kidogo cha kupima chumvi, nilikitia kwenye glasi ya kisima kikaruka mara kadhaa ya maji ya mfereji. Sasa sikilizeni hesabu hii, manake kwa pwani ni muhimu kuliko pampu na taa: jua likikausha maji, chumvi haiendi popote, yabaki bwawani. Kaskazi kina chashuka kila siku. Ukiwa wajazia kwa maji ya kisima, kila ndoo yaongeza chumvi juu ya chumvi iliyopo, na mwisho wa msimu una maji makali kuliko kisima chenyewe. Samaki wengine wavumilia, tilapia na gapi hawana neno na chumvi kidogo, lakini yungiyungi litakuwa manjano na kufa. Kwa hivyo nimejaza kwa maji ya mfereji yaliyokaa kwenye mapipa wazi mchana wa jua, klorini ikatoka, na ya kujazia nimepanga yawe ya mvua. Mtaro wa paa umeshaelekezwa kwenye tangi, ila mvua ya kwanza ya msimu naiacha ipite nje, hiyo yaosha vumbi na mavi ya kunguru juu ya mabati.

Usiku huo huo chandarua kikatandikwa juu ya bwawa zima, kimebanwa na mawe pande zote. Mama mwenyewe ndiye aliyekileta na ndiye aliyezunguka kuangalia kama pana pengo.

Ukingo wa mazeras

Yale mawe ya matumbawe niliyoyaweka kando, watu wote walidhani ntazungushia bwawa. Ni mazuri kweli, lakini ni chokaa, yakikaa majini au mvua ikiyaosha kuingia ndani yanapandisha ugumu wa maji, yaani chokaa iliyoyeyuka ndani yake, na maji yetu tayari ni magumu. Nimeyatumia kuzungushia kitanda cha maua mbali kidogo. Ukingoni nimeweka mazeras, yale mawe bapa ya kule Mazeras, ni ya mchanga mgumu hayana shida hiyo, na rangi yake ya kahawia na kijivu ikilowa hupendeza mno. Kila jiwe limetokeza ndani ya maji vidole viwili, laficha mdomo wa faibaglasi na kuukinga na jua. Uzito wake hauko juu ya mdomo, uko kwenye kitanda cha zege kidogo nje ya beseni. Simiti mbichi nayo hutoa chokaa, kwa hivyo tulitandika nailoni fundi asidondoshe kitu ndani, tukaacha ikauke vizuri, tukaiosha na kuisugua huku maji ya kuoshea tukiyaelekeza nje.

Jiwe moja upande wa chini wa uwanja limewekwa chini zaidi ya mengine kwa makusudi. Hapo ndo bwawa litamwagikia masika, kuelekea migomba.

Machi, mimea

Nimenunua yungiyungi mbili kwenye vitalu vya barabarani, moja ya buluu. Zimepandwa kwenye vyungu vipana, udongo mzito wa mfinyanzi usio na mbolea, juu kokoto ili samaki wasiufukue. Mbolea ukiitia yayeyuka majini na yanufaisha mwani wa kijani tu. Chungu hakiendi chini mara moja, kwanza chakaa kwenye ngazi juu ya matofali majani yaelee, yakirefuka naondoa tofali. Ngazi ya juu nimeweka mafunjo mafupi na majimbi. Kule kitaluni nilipewa bure gugu maji, lile lenye maua ya zambarau, nikakataa. Lililofanya Ziwa Victoria twalijua, na bwawa langu likimwagika masika sitaki litoke nje lifike kwenye mitaro na vidimbwi vya watu.

Maji yamekuwa kijani kibichi. Jirani akaniambia nimwage nijaze mapya. Simwagi. Maji mapya yatakuja na chakula kipya cha mwani na utarudi pale pale, na zaidi ya hapo wale bakteria wazuri wameanza kukaa kwenye kuta, ndo wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti kisha nitrati ambayo mimea inakula. Wataka wiki kadhaa kujijenga. Ukiwatia samaki siku ya kwanza, wanaogelea ndani ya sumu yao wenyewe. Majani ya yungiyungi yakifunika nusu ya uso wa maji, mwanga utapungua na kijani kitaondoka chenyewe. Nangoja, na chandarua kiko juu.

Samaki

Wameingia. Gapi, madume yenye mikia ya rangi na majike ya kijivu, wachache, watazaana wenyewe. Mfuko uliachwa ukielea mpaka joto likalingana, kisha maji ya bwawa yakaongezwa ndani ya mfuko kidogo kidogo. Tilapia nilizipenda lakini hukua kubwa na kufukua, lita 400 haziwatoshi. Chini, upande wenye kina, nimelaza chungu cha kupikia kilichovunjika mdomo, hicho ndo bakuli langu la birika, wapate pa kujificha joto likizidi au kunguru akishuka.

Kunguru ni jambo la kweli hapa Mombasa, hawa wa shingo ya kijivu hawaogopi mtu. Asubuhi walipanga mstari juu ya ukuta wakitazama. Fremu ya wayameshi yawazuia, na juu ya mazeras nimevuta nyuzi za mshipi, mguu wa ndege ukigusa kitu asichokiona huondoka.

Siku ya kwanza bila chandarua nilichota viluwiluwi kutoka kwenye tairi bovu kule barabarani, nikaja nikawamwaga bwawani mbele ya Mama. Wanapinda pinda vile wapindavyo wakishuka. Gapi wa kwanza aligeuka kabla hata kiluwiluwi hakijafika kina cha kidole, akakimeza, na wengine wakaja. Mama aliinama kabisa, ameshika miwani isianguke, akatazama mpaka kimekwisha cha mwisho. Akasema, "Kama wa birika." Kisha akaenda akalitafuta lile tairi, akaliviringisha mwenyewe mpaka kwa mtu wa taka.

Chakula nawapa punje kidogo sana siku zingine na siku zingine siwapi, samaki aliyeshiba hali viluwiluwi. Alfajiri napita kuwatazama, wakiwa wanahema juu ya maji basi hewa imepungua usiku, manake mimea nayo usiku yavuta hewa hiyo hiyo. Ikitokea natoa maji kidogo natia mengine kwa kuyamwaga kutoka juu. Pampu ntaweka ndogo ya sola baadaye, ya stima siitaki karibu na maji na mtoto, na chemchemi itakaa mbali na yungiyungi kwa sababu halipendi kurushiwa maji majanini.

Mei, masika

Mvua imenyesha vile Mei inyeshavyo, uwanja ukawa ziwa, na bwawa likamwagika pale pale kwenye lile jiwe la chini, kuelekea migomba, hakukuingia tope. Niliweka mbao na pimamaji tena baada ya ile mvua kubwa. Haikuhama. Chumvi kwenye kimita imeshuka kuliko siku ya kujaza. Maji ni meusi masafi, waona mpaka chungu cha chini, yungiyungi la buluu limetoa maua mfululizo, linafungua asubuhi na mchana linafunga.

Vyura wamekuja wenyewe. Na kereng'ende, mmoja mwekundu ana kituo chake kwenye ncha ya mafunjo. Watoto wao huishi majini na ni wawindaji wakali wa viluwiluwi, wanaweza hata kukamata vitoto vya gapi na sawa tu, gapi wanazaa kupita kiasi. Nasubiri vuli kwa hamu, kuna aina ya kereng'ende ambao wataalamu wanasema huvuka bahari kutoka India kupitia Maldivi wakifuata upepo na mvua mpaka huku kwetu, hutaga kwenye madimbwi, na mimi nataka wakifika walikute bwawa lipo.

Mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa akisema nitawaletea mtaa mzima homa, alikuja na tochi usiku akamulika ukingo wote, kila ngazi, mpaka chini ya majani. Hakupata kiluwiluwi. Jana kaja na mtungi wa plastiki, ana pipa la kumwagilia mboga ambalo halifunikiki vizuri, ataka gapi. Nimemchotea majike na madume, nikamwambia, mzee wangu, maji ya pipa yakae siku mbili kwanza klorini itoke, na chakula usiwape, watakula watakachokikuta humo.